Mkoba ulivutwa kabla ya salamu

SWALI: Nina duka la vitambaa vya mapazia hapa Ngamiani, Tanga. Wiki tatu zilizopita aliingia kijana mrefu, mweusi tititi, ana rasta na kovu refu shavuni. Kabla hata hajatoa salamu nilikuwa nimeshauvuta mkoba wangu kutoka juu ya kaunta, na kijana wangu wa dukani nimemkonyeza akasimame mlangoni. Mteja akaona vyote. Akauliza bei, akachagua kitambaa, akakatiwa mita sita, akalipa bila kuomba apunguziwe. Kisha akasema taratibu, "Mama, mkoba ungeuacha tu palepale, mimi ninao wangu." Akatoka. Jumatatu nampeleka binti yangu shule, nikamkuta getini. Kumbe ni baba wa mtoto anayekaa na binti yangu dawati moja, mhandisi kwenye mradi wa bomba la mafuta Chongoleani. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nisichoelewa ni hiki. Babu yangu alitoka Hadhramaut, tangu utotoni naitwa Mwarabu koko, na hadi leo sokoni Mgandini natajiwa bei yangu peke yangu. Uchungu huo naujua. Lakini pia mwaka juzi niliingiliwa dukani na vijana wawili wenye panga, mmoja ana rasta. Je, mimi ni mbaguzi? Nifanyeje mawazo haya yasinijie? Nimwombe radhi, au nitakuwa nachokonoa kidonda? Na mwenye duka asijilinde? Binti yangu wa miaka 10 alikuwepo siku ile. Usiku aliniuliza, "Mama, watu weusi sana ndio wezi?" Nilimwambia alale.

JIBU: Dada yangu, swali lako nimelisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: "kumbe ni mhandisi." Neno lake la dukani lilikuchoma kidogo, ukaendelea kupima vitambaa. Kilichokufanya ushike kalamu ni cheo. Sasa nikuulize, na ujijibu mwenyewe bila kuniandikia: kama Jumatatu ile ungemkuta anasukuma mkokoteni wa maji Barabara ya Nane, ungetamani ardhi ikumeze? Kosa lingekuwa lilelile, maana dukani aliingia mtu anayetaka pazia, basi. Siyasemi haya kukuongezea mzigo. Ila ukilishika jambo hili kwa upande wa uhandisi wake, utajifunza kumtambua mhandisi mapema, na yule msukuma mkokoteni ataendelea kuvutiwa mkoba kila akiingia.

Je, wewe ni mbaguzi? Kuvuta mkoba kwa sababu ya rangi, nywele na kovu la mtu ni kitendo cha kibaguzi, sitakipaka asali. Ila "mbaguzi" kama jina la kubandikwa usoni silitumii kwa mtu aliyeandika kama ulivyoandika wewe, kwa sababu halisaidii kazi. Nimekaa na watu wengi wenye swali kama lako. Ukimwita mtu hivyo, atakana mpaka jasho limtoke, au atakubali na kujilaumu wiki nzima, na siku ya nane mkoba unavutwa tena vilevile. Wengi wanataka niwapime moyo. Sina mizani ya moyo. Tuzungumzie mkono wako, ulivyosogea kabla hujafikiri.

Mwaka 2006 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, Janine Willis na Alexander Todorov, waliwaonesha watu picha za nyuso wasizozijua kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni kufumba na kufumbua. Kisha wakawauliza: huyu ni wa kuaminika? Majibu yalifanana sana na ya watu walioachwa waitazame picha hadi waridhike. Tena walipoongezewa muda, hukumu yao haikubadilika sana. Kilichopanda ni uhakika wao kwamba wamepatia. Kwa hiyo unaposema mkono ulitangulia salamu, nakuamini kabisa. Ubongo wa binadamu hukata shauri kuhusu uso wa mgeni kabla mwenye uso hajafungua mdomo, kisha hukaa kutafuta sababu za kuiunga mkono hukumu iliyokwisha kutoka.

Lakini haraka haifanyi hukumu iwe sahihi. Najua hapo mtaani wapo watu wazima watakaokwambia, "Ah, mwizi anajulikana tu kwa sura." Kauli hiyo ina ukoo mrefu. Mwaka 1876 daktari mmoja wa Italia, Cesare Lombroso, alitoa kitabu akidai mhalifu huzaliwa mhalifu na alama zake zinaonekana mwilini: taya kubwa, masikio yaliyotokeza, mikono mirefu. Wengi Ulaya wakamsikiliza. Ilibidi daktari wa magereza wa Uingereza, Charles Goring, awapime wafungwa wapatao 3,000 na kuwalinganisha na watu wengine, wakiwemo askari na wanafunzi wa vyuo vikuu. Mwaka 1913 akatoa matokeo: hakuna umbo la mhalifu. Huku kwetu hatukuhitaji kitabu cha Mtaliano kufika huko. Usukumani bibi vikongwe wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, wakaitwa wachawi, wakati macho hayo yameiva kwa moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe walivyopikia maisha yao yote. Nakutajia hili ili tusidanganyane na ile kauli kwamba ubaguzi ni wa Makaburu na Wamarekani, sisi tulishaahidi zamani kuwa binadamu wote ni ndugu zetu. Ahadi ile naipenda. Haikufika kwenye mkono.

Sasa yule kijana wa mwaka juzi mwenye rasta. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka, na wewe hukuumwa na nyoka wa kusimuliwa, uliwekewa panga. Hofu yako ni halali. Mafunzo iliyoyachukua ndiyo yenye hitilafu, na nataka uione hitilafu hiyo kwa karibu, kwa hesabu ndogo.

Mwaka 1976 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David Hamilton na Robert Gifford, waliwasomesha watu sentensi 39 kuhusu makundi mawili ya kubuni, A na B. Hakuna rangi, hakuna kabila, herufi tu. Kundi A lilikuwa na sentensi 26, na 8 kati yake zilikuwa za mambo mabaya. Kundi B, lile dogo, lilikuwa na sentensi 13, mbaya 4. Ukipiga hesabu, uwiano ni uleule kabisa. Lakini wasomaji walipoulizwa baadaye, waliyakumbuka mabaya ya kundi B kuwa mengi kuliko yalivyokuwa. Sababu ni kwamba kitu adimu hushika kichwani, na ubaya nao ni adimu kuliko wema. Adimu mbili zikikutana, kichwa huzifunga fundo moja. Rudi dukani kwako. Wenye rasta wanaoingia kununua mapazia ni wachache. Walioingia na panga ni wachache zaidi. Siku hayo mawili yalipokutana, fundo likafungwa. Lakini walikuwa wawili, umesema mwenyewe. Yule wa pili alikuwa na nywele gani? Hukumwandika. Nadhani zilikuwa nywele fupi za kawaida, kama za kijana wako wa dukani na za kila mpita njia, ndiyo maana hazikukaa kichwani. Sijasikia duka ambako kila mwenye nywele fupi anavutiwa mkoba.

Picha nyingine hatukuzitengeneza sisi, tumezikuta nyumbani. Tanga ni mji wa wageni, waja leo waondoka leo, na sehemu kubwa ya ugeni huo uliletwa na mkonge. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na inasemwa miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo mkoa ukajaa mashamba, na mashamba yakataka watu kutoka mbali: Waha kutoka Kigoma, Wangoni na Wabena kutoka kusini, Wamakonde kutoka ng'ambo ya Ruvuma. Kila mmoja alipewa namba, ndiyo asili ya neno manamba. Kambini walikaa kikabila, na kila kabila likapewa sifa yake kana kwamba ni aina ya ng'ombe: hawa wakataji, hawa wakorofi, hawa wavivu. Mashamba mengi yamekufa. Sifa zile bado zinazunguka.

Bibi yangu wa Muheza alikuwa na jirani Mmawia, ndivyo walivyoitwa Wamakonde wa Msumbiji, mzee wa mkonge mwenye chale za mistari kuanzia paji la uso hadi kidevuni na meno yaliyochongwa. Sisi wajukuu tukichelewa kurudi mtoni bibi alitutisha: "Mmawia atawachukua." Mzee huyohuyo ndiye aliyekuwa akimpasulia bibi kuni, na kwenye mfungo alikuwa anakula futari barazani kwetu. Siku moja nikamuuliza bibi inakuwaje. Akajibu bila kuacha kupepeta mchele: "Huyu si kama wale."

Jibu hilo nimelibeba miaka mingi, maana lina utaratibu mzima wa jinsi dhana potofu inavyojilinda. Ukikutana na mtu mmoja anayeivunja picha yako, kichwa hakiitupi picha. Kinamtoa yule mtu, kinamweka kwenye kisanduku chake cha pembeni kilichoandikwa "huyu yeye tofauti", na picha inabaki ukutani ileile. Wamawia wote wa Muheza wangeweza kumpasulia bibi kuni mmoja mmoja, na bado "wale" wangebaki. Nakuomba uwe macho hapa, kwa sababu baba wa rafiki wa binti yako yuko njiani kuingizwa kwenye kisanduku hicho. Ukijisikia unasema "mhandisi yule ni mtu safi, si kama hawa vijana wa rasta," ujue umefika alipofika bibi.

Umeshangaa imekuwaje wewe, unayeitwa Mwarabu koko, ukamfanyia mwenzio. Mimi sishangai. Kuchomwa na mwiba hakumfanyi mtu aote ngozi ya kinga. Kenneth na Mamie Clark, mume na mke, wanasaikolojia Weusi wa Marekani, waliwapa watoto Weusi wanasesere wanaofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawaambia: nipe aliye mzuri, nipe anayeonekana mbaya. Wengi walimchagua mweupe kuwa mzuri na mweusi kuwa mbaya, na hao ni watoto wanaofanana na yule waliyemkataa. Mahakama Kuu ya Marekani iliyataja matokeo hayo mwaka 1954 ilipopiga marufuku kutenganisha shule kwa rangi. Picha za mji humwingia kila anayeishi mjini, aliyechorwa na mchoraji pamoja. Usiniambie Tanga hatuna mwanasesere huyo. Nenda kaangalie mkorogo unavyonunuliwa. Sikiliza harusini bibi harusi anavyosifiwa kuwa mweupe.

Swali lako la pili, mawazo haya uyazuieje, nalijibu kwa kukukataza. Usijaribu kuyazuia. Uingereza, mwaka 1994, kundi la watafiti likiongozwa na Neil Macrae liliwapa watu picha ya kijana wa Kizungu aliyenyoa kipara, wa aina wanaosifika huko kwa fujo, wakaambiwa waandike siku yake inakwendaje. Nusu yao wakaonywa: msitumie zile fikra za kawaida kuhusu watu hawa. Wakajibana, wakaandika vizuri. Kisha wakaambiwa wakakutane naye. Chumbani palikuwa na safu ya viti na mizigo yake iko kwenye kimoja. Yeye ametoka kidogo. Wale waliojibana ndio waliokaa mbali zaidi na kiti chake. Fikra uliyoikanyaga hurudi na ndugu zake. Kwa hiyo wazo likija dukani, liache lipite, kama mtu aliyechungulia mlangoni akaendelea na safari. Jiambie, "Haya, nimeogopa nywele," kisha angalia mikono ya mteja inafanya nini. Kuliita wazo kwa jina na kuhamisha macho, hiyo ndiyo kazi. Mara ya kwanza itakuwa ngumu, mara ya hamsini hutaiona.

Duka je? Jilinde, tena jilinde zaidi ya unavyojilinda sasa, maana ulinzi wako wa sasa ni mbovu. Unakaa na mkoba wazi juu ya kaunta kutwa nzima na kuuvuta tu akiingia mtu wa sura fulani. Maana yake mwenye sura nyingine yeyote ana ruhusa ya kukuibia. Waulize wenzako wenye maduka waliopoteza fedha kwa meseji feki za muamala: aliyewaonesha simu alikuwa amevaaje? Na kikulacho ki nguoni mwako. Fedha nyingi za dukani hutoka kwa mlango wa nyuma, kupitia mikono tunayoijua na kuipenda. Simsemi kijana wako, simjui. Nasema kuchungulia nyuso ni kazi kubwa yenye faida ndogo.

Weka kanuni ambayo haiulizi aliyeingia ni nani. Jora moja juu ya kaunta. Mteja akitaka la pili, la kwanza linarudi rafuni. Fedha kwenye droo yenye ufunguo. Malipo ya simu hayakubaliwi mpaka meseji iingie kwenye simu yako wewe, hata mteja akiwa shemeji yako. Na kila anayevuka kizingiti anasalimiwa kwanza, anatazamwa machoni, anaulizwa anatafuta nini. Salamu ni ulinzi, dada. Mwenye nia mbaya hapendi kuonwa, na mwenye nia njema amekaribishwa. Baada ya hapo angalia vitendo: mmoja anakushikilia kwa maswali ya bei huku mwenzie yuko nyuma ya majora, au mtu macho yake yanarudi kwenye droo kuliko kwenye kitambaa. Hayo yana haki ya kukushtua, yakifanywa na mwenye kanzu au mwenye rasta.

Kijana wako wa dukani hukuniuliza, lakini yeye ndiye anayenitia hofu zaidi. Ulimkonyeza, na kukonyeza kule kulikuwa somo. Siku utakapokuwa Mgandini na yeye yuko peke yake, ataingia mrefu mwingine mweusi, atatia mkono mfukoni haraka, na kijana ataita "Mwizi!" Wewe na mimi tunajua neno hilo linafanya nini katika mitaa yetu. Halisubiri polisi. Mwaka 2001 mtafiti Keith Payne wa Marekani alionesha watu uso kwa sehemu moja ya tano ya sekunde, mweusi au mweupe, kisha kitu: bastola au chombo cha kazi kama koleo. Walipolazimishwa kujibu ndani ya nusu sekunde, walikiita chombo cha kazi bastola mara nyingi zaidi kama uso uliotangulia ulikuwa mweusi. Miaka miwili kabla yake, Februari 1999, Amadou Diallo, kijana Mwafrika wa familia ya Guinea, mchuuzi wa barabarani New York, alisimama mlangoni kwake, akatoa pochi mfukoni. Polisi wanne walifyatua risasi 41. Huko ni bunduki, kwetu ni mawe na tairi. Nusu sekunde ni ileile. Keti na kijana wako jioni ukishafunga duka, umwambie: nilipokukonyeza siku ile nilikosea, na neno "mwizi" halipigwi kelele hapa dukani hata kitu kikiibwa kweli. Kikiibwa, tunapiga 112.

Sasa kuomba radhi. Hapa nimepima pande zote mbili. Kuna wakati radhi ni ubinafsi: mtu anamfuata aliyemkosea ili yeye alale usingizi, na mkosewa anabebeshwa kazi ya kumliwaza. Kama angenyamaza siku ile, huenda ningekwambia mpokee vizuri akirudi na umwache na amani yake. Lakini alisema, na alisema kwa adabu. Ukimya wako sasa ni jibu, na ni jibu baya. Mtafute akiwa peke yake, mbali na watoto na walimu. Usimtume binti yako, na usimpelekee kitambaa cha bure. Heshima ya mtu hailipwi kwa mita. Mwite baba fulani kwa jina la mtoto wake kama mnavyoitana wazazi, kisha: "Siku ile ulipoingia dukani nilivuta mkoba. Hukustahili vile. Niwie radhi." Ukomee hapo. Usimweleze habari za panga, maana atalazimika kukuhurumia. Na kuna sentensi moja itakayotaka kutoka yenyewe, nayo uing'ate: "Sikujua kama wewe ni mhandisi." Akiitikia, alhamdulillahi. Akitikisa kichwa tu na kwenda zake, amekwishakupa alichonacho.

Kwa binti, umechelewa wiki tatu tu, na mtoto wa miaka 10 bado anakumbuka. Ulipomwambia alale alipata jibu, kwa kuwa mtoto huuona mkono wa mama kabla hajausikia mdomo wake. Usianze na "watu wote ni sawa". Ameuliza kuhusu rangi, mjibu kuhusu rangi. "Uliniuliza kama watu weusi sana ni wezi. Hapana. Siku ile nilimwogopa mtu kwa sababu ya sura yake, na hakuwa amefanya kitu. Mimi ndiye niliyekosea." Kisha muulize yeye alionaje, na unyamaze umsikilize. Huenda akakwambia mambo wanayoambiana shuleni, nani anaitwa lami, nani anaitwa Mwarabu koko. Mwambie nawe uliitwa, na mwambie iliuma vipi. Usiifanye siku ya mahubiri. Dakika tano mkiwa mnachambua mchicha zinatosha.

Jambo la mwisho umelitaja kwa mstari mmoja na kulipita: panga. Nataka kujua, tangu siku ile unalala? Unaota vijana wale? Pikipiki ikisimama ghafla nje ya duka moyo unakwenda mbio mpaka mikono inatetemeka? Umeacha kufungua duka peke yako asubuhi? Mambo haya yakidumu zaidi ya mwezi baada ya tukio, ni jeraha linalotaka tiba, na wewe una mwaka wa pili. Lina tiba, tena ya mazungumzo kwa sehemu kubwa, na watu hupona. Anzia kituo cha afya cha karibu, ueleze yote bila kuona haya, uombe rufaa ya kwenda kuonana na watu wa afya ya akili hospitali ya mkoa, Bombo. Hilo siwezi kukutibu kwa maandishi. Wala usijiambie utakwenda ukishakuwa mtu mwema. Kanuni za dukani unaweza kuziweka kesho, hofu inataka mtu wa kukaa nawe uso kwa uso. Na kama kijana wako alikuwepo siku ya panga, nenda naye.

Kuhusu bei unayotajiwa Mgandini, sina dawa zaidi ya hii: uliza bei ya aliyekutangulia kabla hujauliza yako.

Na mkoba. Kanunue komeo na kufuli dogo, fundi seremala akufungie kwenye droo ya chini ya kaunta. Asubuhi, kabla hujafungua mlango, mkoba unaingia humo, ufunguo unauning'iniza shingoni ndani ya buibui. Atakapoingia mteja wa kwanza, yeyote awaye, hapatakuwa na kitu cha kuvuta.